Maswali ya Wasomaji: Ndege ya Rimoti Huangukia Mezani Kabla ya Uwanjani

Barua za mwezi huu zimejaa ndege za rimoti, zile za kuunda mwenyewe kwa balsa, mbao nyepesi sana, au kwa povu gumu. Vipimo tunavyotoa ni vya ndege ya umeme ya kujifunzia, yenye bawa la mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ncha hadi ncha, isipokuwa pale tuliposema vingine.

Nimeweka akiba ninunue seti ya balsa ya ndege ya vita aina ya Spitfire, bawa sm 120. Sijawahi kurusha ndege yoyote. Wenzangu wanasema nianze na ya kujifunzia yenye bawa juu, lakini sura yake hainivutii hata kidogo. Nifanyeje? — Msomaji, Dodoma

Wasikilize wenzako. Spitfire haina haraka, itakungoja.

Bawa la Spitfire liko chini ya kiwiliwili na linakwenda likipungua hadi ncha. Kwenye modeli ndogo, ukipunguza mwendo ili utue, ncha mojawapo huwahi kukosa kubebwa na hewa kabla ya shina la bawa. Upande huo unadondoka ghafla, ndege inajipindua ikiwa mita tatu juu ya nyasi, na kwa urefu huo hata mzoefu hana la kufanya. Ongeza kwamba magurudumu yake yamekaa karibu karibu: hata ukishusha vizuri, hupepesuka na kulalia bawa.

Ndege ya kujifunzia ina bawa juu ya kiwiliwili, upana wake haubadiliki toka shina hadi ncha, na ncha zimeinuliwa kidogo kuliko katikati. Huko kuinuliwa ndiko kunakofanya kazi. Ndege ikilala upande na kuanza kuteleza, bawa la chini linakutana na hewa kwa pembe kubwa kuliko la juu, linainuka, ndege inarudi sawa yenyewe hata kama umeachia vijiti. Mwanafunzi anapata sekunde mbili za kufikiri. Kwenye Spitfire hazipo.

Ukiwa dukani au mtandaoni, tafuta namba mbili kabla ya kutazama picha: eneo la bawa, na uzito wa ndege ikiwa tayari kuruka. Eneo lisipoandikwa, zidisha urefu kwa upana. Bawa la mita 1.2 lenye upana wa sm 20 lina desimita za mraba 24. Ndege hiyo ikiwa na gramu 900, kila desimita inabeba gramu 37 na nusu. Kati ya 25 na 45, nunua. Ikivuka 60 kwa ukubwa huo, utakuwa unatua kwa mwendo wa bodaboda.

Tazama pia herufi za kwenye boksi. KIT ni vipande vilivyokatwa na ramani, basi. ARF imeundwa sehemu kubwa, wewe unaweka mota na vifaa vya redio. RTF inakuja na kila kitu, rimoti ikiwemo. Wengi wanaolalamika kwamba wameuziwa ndege isiyo na mota walinunua KIT kwa bei iliyowafurahisha.

Na kama huna mtu wa kusimama nawe uwanjani, ya kwanza iwe ya EPO, aina mojawapo ya povu gumu. Pua ikivunjika unaigandisha na kurusha jioni hiyo hiyo. Balsa ikitia pua ardhini una kazi ya wiki mbili, na wanafunzi wengi huishia hapo.

Mwanangu ana miaka 14, nimemnunulia seti ya balsa ya ndege ya kujifunzia. Itakapokamilika itakuwa na gramu 900. Muuzaji amenipa orodha ya vitu vingine vya kununua, ndefu kuliko ya shule ya bweni. Vyote ni vya lazima? — Mama, Arusha

Karibu vyote, mama, ila usikubali kuuziwa vikubwa kupita kiasi. Hesabu inaanzia kwenye uzito.

Ndege ya kujifunzia inataka wati 150 hivi kwa kila kilo. Gramu 900 ni wati 135. Betri ya LiPo (lithiamu polima) ya seli tatu ni volti 11.1, kwa hiyo mota itavuta ampea 12 na kidogo mwendo ukiwa wote. Chukua mota isiyo na brashi ya Kv 900 hadi 1100 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), iliyoandikwa uwezo wa wati 180 au 200. Ipo ya bei rahisi sana inayojulikana kwa namba 2212. Nayo itairusha ndege, lakini inafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake. Ukiichukua, iwekee propela ya inchi 9, si ya 10. Kipimo cha haraka: mwendo wote kwa dakika moja, zima, gusa mota. Ikiwa kidole hakivumilii, propela ni kubwa mno.

Kidhibiti cha mota, kile mafundi wanachokiita ESC, kiwe cha ampea 30. Ndiyo, ni zaidi ya maradufu, na ni makusudi: kimefichwa ndani ya kiwiliwili ambako upepo ni haba. Hicho hicho hutoa volti 5 za kulisha risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti, na sevo, vimota vinavyosogeza mabapa ya bawa na mkia. Sevo ni nne za gramu 9: mbili za eleroni (mabapa ya nyuma ya bawa ya kulaza ndege kushoto na kulia), moja ya elevata (bapa la mkia la kupandisha na kushusha pua), moja ya usukani wa mkia. Nunua tano. Sevo ya usukani ikiwa inageuza na gurudumu, iwe ya meno ya chuma, maana kila jiwe la uwanjani linapigia hapo.

Betri ni seli tatu, mAh 2200, 25C. Alama ya C ni kizidisho cha ujazo wa betri: mAh 2200 ni ampea-saa 2.2, na 2.2 mara 25 ni ampea 55, umevuka mahitaji mbali sana, kwa hiyo anayekuuzia 60C kwa bei ya juu anakuuzia uzito. Ukitumia asilimia 80 ya betri hiyo kwa wastani wa ampea 8, ndege inakaa hewani dakika 13. Mwambie kijana aweke saa ya rimoti kwenye dakika 9, abaki na akiba ya kuzunguka mara ya pili kama kutua kumekataa.

Chaja iwe ya kusawazisha seli, na ichaji kwa ampea 2.2, saa moja hivi. Chaja ya betri ya pikipiki isikaribie kabisa. Rimoti ni ya GHz 2.4, chaneli sita, na risiva iwe ya familia ile ile. Kuandikwa 2.4 zote mbili hakutoshi kuzifanya zisikilizane. Propela nne. Sio moja: nne.

Unachoweza kuacha ni taa, stendi ya alumini, na vibandiko.

Bawa langu la balsa lilikuwa limenyooka mezani. Nimelifunika kwa plastiki ya kuvutwa kwa pasi, sasa ncha ya kushoto imepinda juu. Nilifuata ramani yote. — Msomaji, Tanga

Ramani haikukosea. Umekosana na mambo mawili, unyevu wa pwani na mkono uliovuta plastiki upande mmoja.

Tuanze na kuliokoa, maana bado linaokoleka. Laza bawa mezani, shina likiwa limebanwa, na upime kimo cha ukingo wa nyuma kwenye kila ncha. Ncha zote mbili zikiwa zimeinuka sawa, mm 2 au 3, usiguse kitu. Hiyo ni faida, huzuia ncha kudondoka ndege ikipunguza mwendo. Ubaya ni zinapotofautiana. Mtafute mtu wa pili. Mmoja ashike shina, alipinde bawa kinyume cha kosa, alizidishe kidogo. Mwingine apitishe pasi juu na chini mpaka mikunjo iliyojitokeza iishe. Endelea kulishikilia hivyo hivyo hadi plastiki ipoe. Likiachwa likiwa la moto litarudi lilikotoka. Pima. Rudia. Mara tatu si nyingi. Joto la pasi hutofautiana kwa kila aina ya plastiki, soma karatasi iliyokuja na rola, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha balsa kilichobaki.

Sasa bawa lijalo. Meza yako ijaribu kwa uzi uliovutwa toka kona hadi kona: nuru ikipita chini ya uzi mahali pamoja, na mahali pengine uzi ukigusa, meza imebonyea na bawa litabonyea nayo. Mlango mpya wa plaiwudi uliolazwa juu ya stuli ni meza nzuri kuliko nyingi za seremala. Tandika ramani, tandika nailoni juu yake ili gundi isishike karatasi.

Kabla ya kukata, shika vijiti vya mhimili, yaani uti wa bawa, vyote vinne kimoja kimoja, ukivikunja taratibu. Balsa ya boksi moja hutofautiana: kimoja kigumu kama fagio, kingine kinalegea kama mua uliokauka. Vigumu viwili vigawe, kimoja kushoto na kimoja kulia. Ukiviweka vyote bawa moja, mengine utayasikia hewani.

Bana mhimili wa chini kwa pini za pande zote mbili, zikiukumbatia. Pini iliyotobolewa katikati ya kijiti cha mm 6 imekikata nusu. Simamisha mbavu kwa kipimo cha pembe mraba, weka mhimili wa juu, kisha ukingo wa mbele na wa nyuma. Halafu kuna vibao vyembamba vinavyoziba nafasi kati ya mhimili wa juu na wa chini, ubavu hadi ubavu. Watu huviona ni mapambo. Hivyo ndivyo vinavyofanya vijiti viwili viwe boriti moja, na nyuzi za mbao zake lazima zisimame wima. Ukivilaza ili ukate haraka, vitapasuka ndege ikitoka kwenye mchupo wake wa kwanza. Vigandishe bawa likiwa bado limebanwa mezani. Liache hapo usiku kucha, tena kwa Tanga lifunike kwa nailoni, maana unyevu wa alfajiri unatosha kupinda ukingo wa nyuma wa mm 3.

Kuunganisha nusu mbili: laza moja, ncha ya pili iinue mm 60 juu ya kitabu au kibao kilichopimwa. Kiungo cha plaiwudi ya mm 3 kipakwe epoksi ya dakika 30. Ile ya dakika tano huanza kukauka kabla hujamaliza kubana.

Ukifunika, anza na chini pande zote mbili, ndipo juu. Shikiza kingo kwanza kwa joto dogo, bila kuvuta. Kuvuta ni kazi ya joto, na joto liende zamu: kidogo kushoto, kidogo kulia.

Supaglu imetoboa shimo kwenye bawa langu la povu. Gundi mbovu? — Msomaji, Kampala

Gundi ni nzima, povu ndilo halikuelewana nayo. Supaglu ya kawaida huyeyusha povu la polistireni, lile jeupe la punje na lile la ndani ya ubao wa matangazo. Kwa hayo tumia epoksi, gundi ya moto isiyochemka sana, au supaglu isiyo na harufu iliyoandikwa ni ya povu. EPO na EPP, povu za aina nyingine, zinaivumilia ya kawaida bila shida.

Ramani inasema ndege isimame sawa ikishikwa mm 56 kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Yangu inasimama kwenye mm 68. Tofauti ya sentimita moja na kitu ina neno? — Msomaji, Morogoro

Ina neno kubwa kuliko kosa jingine lolote utakalofanya mezani. Ndege iliyozidi uzito puani ni mvivu, inataka kuvutwa kijiti muda wote na inatua kwa haraka, lakini inarudi. Iliyozidi uzito mkiani, kama yako, inainua pua yenyewe, ukiisukuma inapiga mbizi, ukiivuta inasimama wima, na kila unachofanya unachelewa. Kwa bawa la upana wa sm 20, mahali pa kuanzia ni kati ya mm 50 na 60.

Kwanza hakikisha umepima sawa. Betri ndani, propela mahali pake, magurudumu, skrubu zote. Weka alama kwa kalamu chini ya bawa, karibu na kiwiliwili, pande zote mbili. Inua kwa ncha za vidole viwili, ndani ya nyumba, feni imezimwa. Pua iiname kidogo tu.

Kisha hesabu. Ndege yako tuseme ni gramu 900, na imekosea sm 1.2: zidisha, ni 1,080. Betri yako ya gramu 180 ikisogezwa mbele sm 6, deni limelipwa na hujaongeza hata gramu. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza daima. Toboa ubao wa mbele kama ni lazima betri iingie chini ya mota. Nafasi isipokuwepo, risasi ya kuvulia samaki puani, sm 20 mbele ya alama, inatakiwa gramu 54. Lakini angalia upande wa pili: mkia uko kama sm 60 nyuma ya alama, kwa hiyo gramu 18 ukizipunguza huko zinafanya kazi ile ile ya gramu 54 za risasi. Gramu moja ya mkiani inadai tatu za puani. Ndiyo maana mafundi hupiga msasa mkia hadi jirani aulize, na hawapaki epoksi nyuma ya bawa pale ambapo gundi nyeupe ya mbao inatosha.

Betri ukishaipatia mahali, ikwamishe kwa mkanda na kibao nyuma yake. Ikiteleza nyuma ndege inapopanda, umerudi kwenye mm 68 ukiwa hewani.

Kila nikiirusha kwa mkono inajilaza kushoto na kugonga chini. Nimeshavunja propela tatu. — Msomaji, Mombasa

Kabla ya ya nne, itoe propela, washa kila kitu, simama nyuma ya ndege ukitazama inakotazama. Sukuma kijiti cha eleroni kulia. Eleroni ya kulia lazima ipande, ya kushoto ishuke. Kama ni kinyume, umepata jibu: kila ulipojaribu kuinyoosha ulikuwa unaizamisha. Kosa hili linaua ndege mpya nyingi kuliko upepo, na linarekebishwa ndani ya rimoti kwa sekunde kumi. Vuta kijiti cha elevata kuelekea tumboni kwako: elevata ipande.

Upande huo ukiwa sawa, mtuhumiwa wa pili ni mota. Propela ikizunguka kuelekea kulia, ukiitazama kwa nyuma, inaisukuma ndege ijipindue kushoto, na kishindo hicho ni kikubwa zaidi mwendo ukiwa mdogo na mota ikiwa kwenye nguvu zote, yaani saa ile ile inapotoka mkononi. Mota inatakiwa itazame kulia nyuzi 2 na chini nyuzi 2 au 3. Huhitaji kupima nyuzi. Kama matundu ya kufungia mota yameachana mm 30, washa (kile kibati cha duara cha skrubu) ya unene wa mm 1 nyuma ya upande wa kushoto inakupa karibu nyuzi 2 za kulia. Nyingine nyuma ya upande wa juu inainamisha chini.

Tatu, mkono wenyewe. Usitupe kama unarusha jiwe embe lianguke. Ndege iwe sawa na upeo wa macho, ikitazama upepo unakotoka, mota robo tatu, isukume moja kwa moja kama mkuki. Anayeitupa kuelekea juu anaiondolea mwendo ambao bado haijaupata. Akirusha mtu mwingine huku vidole vyako viko vijitini, bora zaidi.

Ikiendelea kulala baada ya hayo, pima mpindo wa mabawa kama tulivyomwambia wa Tanga, kisha ining'inize ndege kwa ekseli ya mota na kwa mkia: bawa linaloshuka kila mara ni zito, bandika sarafu kwenye ncha ya bawa la pili. Kiasi cha kuanzia cha mabapa kusogea, kila upande: elevata mm 10 hadi 12, eleroni mm 8 hadi 10, usukani mm 20. Uwezo wa rimoti wa kulainisha katikati ya kijiti weka asilimia 30.

Ndege ya kaka yangu inaruka vizuri Dar es Salaam. Ameniletea Nakuru, inakimbia nyasini kama kuku. — Msomaji, Nakuru

Haijaharibika. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni pungufu kwa sehemu moja ya sita hivi. Bawa lile lile na uzito ule ule vinahitaji mwendo zaidi kwa karibu asilimia 10 ili kuinuka, na propela inapata kidogo cha kushika. Mchana wa jua kali hali inazidi.

Ongeza propela inchi moja ya kipenyo. Hewa nyepesi inaipunguzia mota mzigo, kwa hiyo huenda ampea zisipande sana, lakini zipime, usikisie. Toa uzito unaotoka bila ugomvi: magurudumu mepesi zaidi, betri ya mAh 1800, hakikisha tu bado inasimama kwenye alama yake. Na wakati wa kutua ije na mwendo zaidi kuliko macho ya Dar yanavyotaka.

Betri yangu imevimba kama andazi. Iliachwa ndani ya gari. Bado inachaji. Niendelee? — Msomaji, Muscat

Hapana, hata mara moja. LiPo iliyovimba ina gesi ndani, na chaja ndipo mahali inapopasukia moto. Itoe nje, iweke kwenye mchanga, iunganishe na taa ya gari ya volti 12, wati 21, ukae mbali mpaka taa izime na uiache iendelee siku nzima. Ziba ncha kwa utepe, ipeleke wanakopokea takataka za umeme.

Mpya itunze hivi: isikae imejaa zaidi ya siku mbili tatu, ya kukaa kabatini iachwe volti 3.8 kwa seli, ikiwa inaruka isishuke chini ya 3.5. Chaji juu ya vigae, mbali na pazia, ukiwa chumbani. Na kwa vile wengi wa huko hutumwa kuwaletea ndugu betri nyumbani: LiPo isiyo ndani ya kifaa haiingii kwenye sanduku la mizigo, inabebwa mkononi, ncha zimezibwa. Seli tatu za mAh 2200 ni wati-saa 24.4, na ukomo wa kawaida wa mashirika ni 100.

Ninahitaji kibali kwa kitoto cha balsa cha nusu kilo? — Wasomaji kadhaa

Kisheria kitoto hicho ni chombo kisicho na rubani, sawa na droni. Tanzania ulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kenya ni KCAA, yenye kanuni za vyombo hivi za mwaka 2020. Ulizeni kabla ya kuagiza, si kabla ya kurusha tu, maana mzigo unaweza kukwama forodhani. Walioko Marekani: ikivuka gramu 250 isajiliwe FAA, mamlaka ya anga ya huko, mfanye na mtihani wa bure wa TRUST, na mkirushia nje ya viwanja vilivyoidhinishwa ndege iwe na kitambulisho cha redio.

Rangi gani nzuri? — Mwanafunzi, Kigoma

Isiyo bluu wala nyeupe, utaipoteza mawinguni. Juu nyekundu au njano. Chini weka mistari miwili myeusi ya sm 5 kwenye bawa la kushoto peke yake, ili ikiwa mbali ujue inakuja au inakwenda, na ipi ni chini. Nyeusi usitandaze bawa zima. Juani inapata moto na plastiki inalegea.